Kata Iko Mezani

Neno lililonikosesha amani kuliko matusi yote niliyowahi kusikia soko la Migori ni neno dogo tu: kata. Lilikuwa kwenye programu ya kutengenezea mabango, dukani kwetu Suna, na lilikuwa na tabia mbaya. Kata ya kwanza ilikaa upande wa kushoto, imechorwa kama fremu, na ukiitumia inapunguza kingo za picha. Kata ya pili ilikaa juu, na ukiigusa picha yote inatoweka, unabaki ukitazama uwanja mweupe kama mtu aliyeibiwa ng'ombe. Ya tatu ilikuwa na mchoro wa kisu. Hiyo sikuwahi kuijaribu.

Halafu ile ya kwanza, ukifungua ukurasa wa maelezo, inaitwa Pogoa. Ukienda kwenye mipangilio, inaitwa Punguza. Kitu kimoja, majina matatu, kama mtu anayetafutwa na polisi. Sijui ni nani aliyekaa akatafsiri hivyo, lakini nikikutana naye sitamsalimia.

Zamani tulitumia ile ya Kiingereza na hatukulalamika, kwa sababu hatukusoma chochote. Tulienda na michoro. "Bonyeza ile iko kama mkono. Hapana, ile ingine." Ni bosi aliyeibadilisha ikawa ya Kiswahili. Bosi wetu ni mtu wa Mombasa, alikuja huku na mashine moja ya kuchapa akakuta kazi zimemngoja: mabango ya harusi, fulana za timu, vijitabu vya mazishi, vibandiko vya pikipiki. Kiswahili chake kimenyooka kama kanzu iliyopigwa pasi. Chetu kina mikunjo, tunakivaa tu mteja akiwa hajui Kijaluo.

Aliibadilisha kwa sababu alitaka mtu mpya ajifunze haraka. Alikuwa anafungua tawi Homa Bay, na aliniambia, "Binti, tawi nakupa wewe. Ila kwanza niachie mtu kwenye kiti chako hapa, awezaye kazi bila wewe kumsimamia kichwani."

Mwingine angefurahia cheo. Mimi niliwaza jambo moja: mtoto wangu yuko Homa Bay. Ana miaka miwili na analelewa na mama yangu, kwa sababu Suna sikuwa na mtu wa kumshika nikienda kazini. Nilikuwa namwona Jumapili moja, inayofuata naruka. Siku moja niliingia mlangoni kwa mama, mtoto akanitazama vizuri, akaninyooshea kidole na kumwambia nyanyake, ambaye anamwita Dani: "Dani, anti!" Anti. Mimi niliyembeba miezi tisa natapika hadi maji. Nilicheka kwa sababu kila mtu alicheka, kisha nikaenda nyuma ya nyumba nikapiga debe teke. Kwa hiyo huyo mtu mpya angejifunza, apende asipende.

Mtu mpya alikuwa mama wa Kehancha, amenizidi kama miaka kumi na tano, amefanya kazi ya majani ya tumbaku tangu msichana. Vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vyangu. Siku ya pili alikuwa anaiendesha mausi kama aliizaa. Aliniita "mwalimu", nusu heshima, nusu kejeli. Tatizo halikuwa vidole.

Tatizo lilianza siku ya tatu. Nilimwambia atoe rangi nyeupe nyuma ya nembo ya kanisa fulani. Akaenda kushoto, akasoma polepole, akaondoa mkono kwenye mausi.

"Mwalimu, hii siwezi shika."

"Kwa nini?"

"Imeandikwa Fimbo ya Uchawi."

"Ni jina tu, mama."

"Mimi nimeokoka. Na hii ni nembo ya kanisa. Unataka nitoe vitu kwa nembo ya kanisa na fimbo ya uchawi?"

Bosi alikuwa nyuma anahesabu karatasi. Alicheka mpaka akapoteza hesabu. Mimi sikucheka siku hiyo, nilikuwa nahesabu Jumapili.

Wiki ya tatu bosi akasema tujaribu. Nilienda naye Homa Bay kutazama chumba cha duka, na mama wa Kehancha akabaki peke yake Suna. Kama angemaliza kazi ya siku hiyo kwa kuelekezwa kwa simu tu, ningeanza kufunga nguo zangu. Saa nne akapiga. Mzee mmoja wa Uriri ameleta picha ya harusi yake, ya zamani, ya karatasi, anataka bango la miaka arobaini ya ndoa. Kwenye picha yuko yeye, mkewe, na mwanamume mwingine pembeni ambaye hatakiwi.

Nilimwambia neno kwa neno, na mpaka leo nayasikia: "Iskani. Halafu kata, ubaki na hao wawili tu."

Nikasikia kwenye simu sauti ninayoijua vizuri sana, kwa sababu mkasi huo ndio nilikuwa natumia mimi: krwaap.

"Nimekata," akasema. "Ametoka vizuri."

"Umekata nini?"

"Picha."

"Picha gani, mama?"

"Si hii ya mzee. Umesema kata."

Niliketi chini kwenye sakafu ya tawi langu ambalo halikuwa langu tena. Bosi akarudisha funguo za chumba mfukoni. Kisha kwenye simu tukasikia sauti ya mzee mwenyewe, anakohoa kwa kicheko. "Muacheni mama wa watu! Huyo aliyekatwa ni shemeji yangu. Miaka arobaini namwangalia ukutani kwangu, nani angenisaidia kama si huyu?" Alikataa hata kuombwa msamaha. Alichukua kile kipande cha shemeji akakiweka mfukoni, akasema atampelekea mwenyewe.

Mzee alisamehe, bosi hakusamehe. "Nafasi moja tu imebaki," aliniambia. "Ikishindikana, natafuta mtu wa hapa hapa Homa Bay, nawe utabaki Suna." Kwa upole kabisa. Watu wa Pwani wanaweza kukuchinja kwa upole.

Nilirudi Suna nimevimba. Nilimkuta mama wa Kehancha anafagia, na nikamwaga yote: hasikii, haulizi, nani anayekata picha ya mtu na mkasi! Alinisikiliza mpaka mwisho. Akaegemeza ufagio.

"Umemaliza, mwalimu?"

"Nimemaliza."

"Sasa nikuulize. Kwetu jani la chini kabisa la tumbaku lina jina lake. La katikati lina lake. La juu lina lake. Nikikuambia leta la chini, huwezi leta la juu, hata kama wewe ni mjinga. Na hakuna siku tunaita la chini jina ya la juu kwa sababu tumechoka. Furushi likichanganywa linarudishwa. Wewe hapa, kata ni hii, kata ni ile, kata ni mkasi. Juzi ulisema 'toa', ukamaanisha kata. Jana ulisema 'ile kitu'. Mimi nitajua ile kitu ni gani? Niko ndani ya kichwa yako?"

Nilikuwa na hasira ya kutosha watu sita, lakini alisema kweli. Kwa wiki tatu nilikuwa nailaani ile programu kwa ugonjwa nilionao mimi mwenyewe.

Kesho yake mchana, badala ya kwenda kula, tulifunga mlango tukachukua karatasi za vibandiko. Tulianza na sheria moja: neno kata ni la mkasi na kisu cha karatasi, vilivyo mezani. Ndani ya kompyuta hakuna kata. Ile fremu ikawa kipunguza. Kalamu ikabaki kalamu, lakini ile brashi, ambayo nami nilikuwa naiita kalamu, ikawa brashi, mwisho. Ile iliyochorwa kama kidude cha kunyonyea dawa ya macho, inayogusa rangi mahali pamoja ili uitumie kwingine, ilitusumbua. Nilisema iitwe kiokota.

"Haiokoti," akasema. "Rangi si inabaki pale pale? Hii inaonja tu, kama mtu anaonja mchuzi."

Kionja, basi. Na ile ya uchawi, inayokusanya nyeupe yote kwa mguso mmoja, tuliiita kizoa, maana inazoa. Aliishika papo hapo, nembo ya kanisa ikawa safi, na hakuna pepo aliyetoka.

Bosi alipofungua mlango akakuta vibandiko vimezunguka kioo cha kompyuta kama maua ya harusi. Akasoma, akakunja uso.

"Hili si Kiswahili. Pogoa ni neno zuri sana. Kwa nini mmelitupa?"

"Pogoa ni ya miti, bosi," akajibu mama wa Kehancha. "Nikisikia pogoa naenda nje."

Nafasi ya mwisho ikaja Alhamisi. Mimi na bosi tuko Homa Bay, simu iko juu ya kaunta mpya, sauti imefunguliwa ili bosi asikie kila kitu. Kazi yenyewe: mama mmoja anayeuza omena, wale dagaa wa ziwani, anataka vibandiko vya pakiti zake, na samaki mmoja achorwe vizuri.

"Fungua picha ya samaki. Shika kizoa."

"Nimeshika."

"Gusa nyeupe."

"Imezoa yote. Samaki amebaki anaogelea hewani."

"Sasa kionja, uguse mgongo wake."

"Nimeonja. Ni ya fedha. Niweke kwa maandishi?"

"Weka." Nikamwangalia bosi. Alikuwa anatazama dari, lakini masikio yake hayakuwa darini. Ilienda hivyo dakika ishirini bila kosa, na raha ikanipanda kichwani, na mdomo ukaniponyoka: "Sawa mama, malizia, kata hapo chini!"

Nilisubiri sauti ya mkasi.

"Mwalimu," akasema taratibu, "kata iko mezani. Unataka mkasi, ama unataka kipunguza?"

"Kipunguza!" akapiga kelele bosi, kabla sijafungua mdomo. "Kipunguza, mama! Kipunguza!"

"Ahsante, bosi. Wewe unajua kufundisha."

Mwenye omena alichukua vibandiko vyake kabla ya saa sita. Bosi akatoa funguo za chumba kile, akaziweka juu ya kaunta bila hotuba, isipokuwa kuniambia kwamba angalau kipunguza kina mzizi wa Kiswahili. Nikamwambia kina mzizi wa Kehancha. Akaondoka akitikisa kichwa.

Nilifunga duka mchana kweupe, siku ya kwanza ya kazi, nikapanda kwa miguu hadi kwa mama yangu. Alikuwa anaanika nguo za mtoto. Mtoto amelala mkekani, mdomo wazi. Mama akanitazama, na haikuwa Jumapili, akashtuka.

"Kuna nini? Unarudi na gari ya saa ngapi?"

"Sirudi."

"Hurudi leo?"

"Sirudi, mama. Nimehamia."

Alibana kibanio cha mwisho, akaipangusa mikono kwenye leso. Nilidhani atanikumbatia.

"Basi ingia jikoni," akasema. "Kuna vyombo. Na usigonganishe, utaamsha mtoto wako."