Pazia Lililokataa Kushuka

Haya, nikutegee: nyumba yangu kuta zake ni nguo; joto likizidi zinavuliwa, mvua ikija zinavishwa. Umeshindwa? Nipe mji. Ni banda la kuku.

Saa moja asubuhi, Fidelis yuko juu ya ngazi kwenye banda kama hilo, nusu saa kwa gari kutoka kwake mjini Laurel, Marekani. Anapaka grisi roda, anapapasa kamba za chuma zinazovuta mapazia, taratibu, kama anayetafuta mwiba mguuni. Mwaka wa kumi na moja huu akiwa fundi hapa. Chini yake banda ni tupu.

"Kuku akikosa hewa, hakupi hata nusu saa," ananiambia.

Wiki mbili zilizopita winchi, mashine inayolivuta pazia hili, ilikuwa inateleza, na kipuri kingefika Jumatatu. Mawingu yalipotanda Jumamosi, Fidelis akalifunga pazia juu kwa waya, kuku wasilowe. Kisha radi ikakata umeme, feni zikazimika. Umeme ukikatika, pazia hujiachia lenyewe na kushuka, hewa iingie. Hili halikushuka. Kuku elfu tatu wakafa.

"Nani alifunga?" aliuliza Peterson, mwenye shamba. Macho yakamwangukia Jahi, Mmarekani Mweusi aliyejifunza Kiswahili chuoni, fundi mgeni kuliko wote.

"Kaka, bosi ananiangalia kama kicheche aliyekula kuku wake," Jahi anacheka kinyonge, ameshika ngazi. "Leo ananipa barua ya kunifukuza. Nikafanye kazi shamba la nani sasa, la mama mkwe?"

Fidelis hacheki. Nati aliyokwisha kuikaza, anaikaza tena.

Jahi anapokwenda kuchota grisi, Fidelis ananiambia kwa sauti ya chini. Mkewe, Vaileth, anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na bima inayomlipia inatoka kwenye kazi hii. "Jana aliniuliza, 'Baba Rosemary, mbona chai huimalizi?' Nikasema ina tangawizi nyingi. Haikuwa na tangawizi."

Fidelis alitaka afungue karakana yake ya kutengeneza winchi. Siku hizi haizungumzii tena.

Gari la Peterson linaingia uani. Anashuka na bahasha, anamwita Jahi.

Fidelis anateremka ngazi, anavua glavu, anasimama katikati yao.

"Mzee, ulituuliza nani alifunga lile pazia."

Peterson anamtazama.

"Ni mimi. Niliogopa mvua, nikasahau umeme."