Mkebe wa Uunsi

Mwaka ule nilikuwa nimemnunia Mungu. Kanisani nilikwenda kila Jumapili, maana sisi Wakatoliki wa Garissa tulikuwa wachache, na mwalimu asiyeonekana kanisani huwa habari ya mji. Nilisimama waliposimama, nikapiga magoti walipopiga, midomo ikichezacheza. Maneno sikumpa. Malaria ilikuwa imemchukua binti yangu wa pekee, akiwa kidato cha tatu, na tangu tulipomzika sikuwa nimelia, wala kuomba, wala kutaja jina lake.

Padre alipotangaza kwamba parokia ingepata kikanisa cha kuabudu Ekaristi, mahali ambapo Sakramenti Takatifu ingewekwa wazi na mtu angeweza kuketi mbele yake kimya, nilijitolea kukitayarisha. Watu wakadhani ni uchaji. Mimi nilitaka kazi ya mikono tu, na mahali pasipo mtu wa kuniambia pole. Nilikuwa nimeshiba pole.

Kikanisa chenyewe kilikuwa ghala la mahindi ya msaada, nyuma ya kanisa kubwa. Mimi na katekista tuliondoa magunia, lakini vumbi la mahindi lilibaki likielea kwenye mwanga wa dirisha, halitui, nami nilisimama ndani yake na ufagio mkononi, nimesahau kufagia. Nayakumbuka majira yale kama ndoto ya mchana. Bati lililia kwa joto. Mbuzi walipita nje bila haraka. Adhana iliingia kutoka ng'ambo ya barabara, ikajaa chumbani, ikatoka. Kuna wakati niliupaka ukuta mmoja chokaa mara mbili, nisijue kwamba nilikuwa nimeshaumaliza.

Siku moja tulipanga mishumaa altareni asubuhi, na adhuhuri tukaikuta imeinama yote upande mmoja kwa joto.

"Imetutangulia kusujudu," katekista akasema, akacheka peke yake. Tangu siku hiyo tuliihifadhi kwenye beseni la maji.

Kilichobaki ni ubani. Tuliouagiza Nairobi ulikwama njiani, mvua zimekata barabara. Padre akaniambia ni aibu kukaa katika nchi ya ubani na kuungoja utoke Nairobi. Niende kwa jirani yangu.

Jirani yangu alikuwa mama wa Kisomali, mjane, ng'ambo ya ua wetu wa miiba, mwendo mfupi tu kutoka kanisani. Tulilea mabinti pamoja, wake na wangu, rika moja. Kwake ndiko binti yangu alikojifunza kusimama juu ya chetezo cha udongo, gauni limetanda juu ya moshi, hadi nguo na nywele zinukie. Moshi huo hautoki kwenye ubani mtupu. Ni uunsi, yaani ubani uliopikwa pamoja na sukari na manukato, ukamwagwa kwenye sinia, ukaganda, ukavunjwavunjwa. Ni kitu cha maharusi. Binti yangu akirudi nyumbani nilimkaripia: unanukia kama bibi harusi, hebu kaoge ukafanye hesabu zako.

Nilimweleza jirani kwamba tunamtengenezea Mungu chumba, na tunahitaji ubani wa kufukiza siku ya kukifungua. Alinitazama sana. Akaingia ndani, akakawia, akatoka na mkebe uliofungwa kwa kitambaa.

"Beleka, abaayo," alisema. Abaayo, yaani dada, ndivyo alivyoniita siku zote, na kila p kinywani mwake ilikuwa b. "Mgeni mkubwa habewi ubani ya kufukuza mbu."

Nilimkabidhi katekista mkebe bila kuufungua. Naye alikuwa mtu wa Kitui. Kwake chochote chenye kutoa moshi mzuri ni ubani.

Tulikifungua kikanisa Alhamisi alasiri. Padre aliiweka Hostia katika monstransi, kile chombo cha kuionyeshea, akapiga magoti, na katekista akamimina kijiko kizima juu ya makaa. Moshi ukapanda polepole, ukawa wa dhahabu kwenye jua la dirisha. Kina mama wakaanza kutazamana. Kikanisa kizima kilikuwa kinanukia harusi ya Kisomali. Padre akakohoa, akaendelea. Nami pale mbele nikahisi kabisa kwamba binti yangu ameingia mlangoni, ametoka kwa jirani, amesimama nyuma yangu anangoja nimkaripie.

Niliinuka. Nikaunyakua ule mkebe mikononi mwa katekista, nikatoka mbele ya watu wote, mbio hadi kwa jirani.

"Niliomba ubani!" nikamfokea jirani kabla sijamfikia. "Mbona umenipa uunsi? Kikanisa changu kinanuka harusi!"

Alikuwa ameketi mkekani akichambua mchele. Hakuinuka.

"Nilibika mikebe mbili," alisema taratibu. "Tangu hao wasichana iko kidogo. Moja ya yangu, moja ya yako. Yangu ameolewa, uliona. Hii nyingine imekaa tu kwa sanduku. Kila nikifungua sanduku, naiona." Akajifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Wewe umesema unatengeneza chumba ya Mungu. Nikasema, basi, msichana yetu iko kwa Mungu. Nibeleke wabi ingine, abaayo?"

Niliketi palepale mkekani pake nikalia, kilio cha sauti, cha kamasi, kilio nilichokuwa nimekibana tangu makaburini. Hakuniambia pole. Alilia na yeye, kisha akasogeza ungo katikati yetu, tukachambua mchele pamoja hadi macho yangu yakaanza tena kuona mawe.

Niliporudi kikanisani watu walikuwa wametawanyika. Bibi mmoja tu alibaki zamu ya kuabudu, rozari mkononi, amesinzia. Moshi ulikuwa bado unaelea juu ya altare. Niliketi benchi la mbele na mkebe mapajani. Sikufanya hata ishara ya msalaba.

"Nina maneno na wewe," nikamwambia Mungu, na la kwanza lilikuwa jina la binti yangu.