Gari Lililomchukua Mama Kishindo

Watoto wa shule walimwita Mjomba Breki, kwa sababu hapakuwa na kiumbe aliyekatiza barabara mbele yake asimsimamie. Kuku akivuka, Breki anasimama. Bata akivuka na vifaranga wake, Breki anazima injini kabisa na kusubiri, na watoto huku nyuma wanapiga makofi kama wako uwanjani. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole, mikono imejaa makovu ya bisibisi. Gari lake lilikuwa lile dogo la abiria, la mlango wa kuburuta, rangi ya fedha iliyochoka. Asubuhi liliwapeleka watoto wa majirani shuleni, alasiri likawarudisha. Ufundi hakuusomea popote. Aliupata kwa kulala chini ya gari hilohilo kila lilipomgomea, akiuliza huku, akiharibu kule, mpaka ikafika mahali fundi wa mtaa akawa anamwita amshikie taa na kumpa maoni.

Mkewe alikuwa mshonaji. Walikuwa na mtoto mmoja wa kiume ambaye nyumbani walimwita Kishindo, maana kutembea hakujua, alijua kukanyaga. Na mlango kwake haukufungwa, ulibamizwa. Kwa hiyo wao wawili wakawa Baba Kishindo na Mama Kishindo, dukani, kwa majirani, na hata walipokuwa peke yao chumbani. Kisha homa ya uti wa mgongo ikamshika mtoto. Mwanzo wa wiki alikuwa juu ya ukuta wa jirani akigombezwa ashuke. Wiki haikuisha, wakamzika.

Baada ya hapo wakakosa cha kuitana. Majina yao ya utotoni walikuwa wameshayaacha zamani, na hili la sasa lilikuwa na jeraha ndani yake. Breki akawa anaanza na "sikia" au "samahani", kama mtu anayeuliza njia kwa mgeni. Mkewe yeye alikohoa kidogo, au aligonga meza.

Kilichommaliza mama huyu ni asubuhi. Kila kukicha watoto wa watu walikusanyika uani kusubiri gari, na mabegi yao, na vicheko vyao, na mabishano ya nani atakaa dirishani. Naye angefunga dirisha la chumba cha kushonea, akae kwenye cherehani, akanyage pedali kwa nguvu zote. Siku moja Breki alirudi ndani kuchukua funguo akamkuta anashona hivyo, sindano inapanda na kushuka mbio, na chini yake hakuna kitambaa.

Alichukua funguo akatoka. Watoto walikuwa wanasubiri.

Basi mwaka ulipopinduka mkewe alimwambia, huku anakunja nguo za wateja, "Nakwenda kwa dada."

"Kusalimia?"

"Kuishi."

Dada yake alikuwa na duka la ushonaji katika mji mwingine, mwendo wa kutwa nzima kwa gari, na alikuwa anatafuta mtu wa kusaidiana naye kusambaza sare na mapazia. Breki aliuliza atasambazaje bila usafiri. Mkewe akaendelea kukunja nguo. Hapo ndipo Breki, mwenyewe, kwa mdomo wake, akasema, "Chukua gari. Tulilihangaikia wote." Alilisema kwa wepesi kama anayemsogezea mtu kiti, kisha akaenda bafuni, akafungulia maji, akakaa humo muda mrefu.

Wakapanga kaka wa mkewe aje Jumapili alfajiri kuliendesha. Ijumaa, Breki akiwa ametoka kumshusha mtoto wa mwisho, gari likashtuka kama limepigwa teke kwa nyuma. Taa ya njano ikaanza kupepesa. Injini ikanguruma, lakini mwendo haukuja. Gia ilikuwa imeng'ang'ania palepale na haitaki kupanda. Alilikokota hadi nyumbani kwa mwendo wa mtu anayekwenda kwa miguu, akaegesha, akabaki ameshika usukani. Na ndani ya huo mshtuko, aibu iliyoje, alisikia kitu kinachofanana na furaha.

Fundi wa mtaa alikuja, akaliwasha, akasikiliza, akachungulia.

"Ni solenoidi," alisema. "Kale kadude kanakofungua njia ya oili ili gia ibadilike. Kamekufa. Mengine mazima. Mimi kesho nakwenda msibani, sirudi mpaka katikati ya wiki. Ila kifaa ninacho, nilikitoa kwenye gari lililogongwa nyuma." Akampa. Kilikuwa kidogo, hakizidi kidole gumba, na waya wake mfupi. "Unaweza kukibadilisha mwenyewe hapa uani. Unajua." Akamtazama machoni. Mtaa mzima ulikuwa na habari ya Jumapili. "Lakini ningekuwa mimi, Breki, mgongo ungeniuma kidogo wiki hii."

Breki akakitia kile kifaa mfuko wa shati. Alipoingia ndani mkewe aliuliza, "Fundi kasemaje?"

"Kifaa hakipatikani," alijibu. "Mpaka wiki ijayo, au zaidi."

Usiku ule alilala na shati lake mwilini.

Asubuhi alimkuta mkewe jikoni, ameketi juu ya furushi la nguo, kikombe cha chai mkononi kimeshapoa. Halii. Ametazama ukuta tu, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyejikaza afike mahali fulani, halafu akaambiwa pamefungwa. Breki alimjua mwanamke huyu. Alimwona akijifungua, alimwona akizika. Uso huu hakuwahi kuuona, na alijua kuwa ni kazi ya mkono wake.

Akaingiza vidole mfukoni, akakiweka kile kifaa mezani.

"Ninacho," alisema. "Nilikuwa nacho tangu jana."

Mkewe alikitazama, akamtazama yeye. Breki alisubiri atukanwe. Lakini mkewe alisema tu, "Itachukua muda gani?"

"Leo litakuwa tayari."

Akafanya kazi kama ilivyo haki yake. Alizuia magurudumu ya nyuma kwa mawe, akaliinua gari mbele kwa jeki, akaliketisha juu ya magogo mazito ya mbao, akalitikisa kwa bega kuhakikisha halitamwangukia. Akatandika chini boksi kubwa la friji alilolipasua. Akajilaza, akajisukuma ndani. Juu ya uso wake palikuwa na lile karai bapa la chuma linalofunga tumbo la giaboksi na kubeba oili yake, lenye boliti pande zote. Gari hilo halikuwa na mahali pa kumwagia oili. Karai lenyewe ndilo linashushwa, limejaa, na likiinama kidogo tu umeoga. Alifungua boliti za upande mmoja, akaona mikono yake miwili haitoshi.

"Samahani," aliita. "Sikia."

Mkewe akaja mlangoni.

"Nahitaji mtu wa kunishikia."

Akatoka amevaa shati kuukuu la Breki, nywele amezifunga kwa kitambaa. Akalala chali juu ya lile boksi, akajisogeza mpaka bega lake likagusana na la mumewe. Tangu msiba walikuwa wanalala kila mtu na ukuta wake. Sasa walikuwa wamelala pamoja tena, mchana kweupe, chini ya gari.

"Shika hapa na hapa," Breki alisema. "Nikitoa boliti ya mwisho utasikia uzito. Usiogope, na usiinamishe."

"Nimebeba mtoto miezi tisa, nitashindwa na karai la oili?"

Lilimtoka kwa mazoea, utani wa miaka yote, ule aliokuwa akiutoa kila akiambiwa kitu ni kizito. Hakuna aliyecheka. Oili ilianza kutiririka kidogo pembeni, nyekundu iliyoungua ikawa nyeusi, ikidondokea kwenye beseni. Breki hakuthubutu kugeuza shingo.

"Baba Kishindo," mkewe alisema.

Ilikuwa mara ya kwanza tangu makaburini. Spana ilimponyoka mkononi ikamgonga kifuani.

"Siondoki kwa sababu yako."

"Najua."

"Hujui. Nikikutazama namwona yeye. Masikio yako. Unavyojikuna kisogo ukikosa jibu. Kila siku namzika upya, na wewe hujafanya kosa lolote."

Breki aliokota spana kifuani. Karai lilikuwa limeanza kumlemea mkewe.

"Mimi pia nikikutazama namwona," Breki alisema. "Mdomo wako. Hasira zako za asubuhi. Ndiyo maana nataka ubaki."

Hapo wote wawili wakaelewa kwamba hapakuwa na cha kubishania. Kitu kilekile kilichomfukuza mmoja ndicho kilichomng'ang'aniza mwingine. Machozi ya mkewe yalishuka pembeni yakaingia masikioni, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa juu imeshika karai. Breki akayafuta yeye, kwa kiganja, akamwachia michirizi ya oili shavuni.

"Unanipaka uchafu," mkewe alisema.

"Tulia. Natoa ya mwisho."

Wakalishusha karai polepole, sawasawa, pamoja, na halikumwagika.

Solenoidi iliyokufa ilikuwa pale juu, imeshikwa na boliti moja. Breki aliichomoa waya, akaifungua, akaivuta, akaipaka oili ringi ya mpira ya ile aliyopewa na fundi na kuisukuma mahali pake. Mkewe alikuwa ametoka kwenda kunawa. Breki akabaki na waya kati ya vidole. Alijua kwamba akiusukuma nusu tu, gari litawaka, litatembea, litamaliza mtaa na pengine mji. Halafu matuta ya barabarani yatauchomoa, gia itakwama, na shemeji atageuza arudi. Hakuna ambaye angejua. Vitu hulegea.

Aliufikiria uso wa jikoni. Akausukuma waya mpaka ukalia "ta".

Yaliyobaki aliyafanya taratibu kupita kiasi. Aliosha karai kwa petroli, akafuta unga wa chuma ulioganda kwenye sumaku yake, akaweka gasketi mpya ya kuzuia uvujaji, akakaza boliti moja huku, ya pili ng'ambo yake, akirudia tena na tena kama anayetafuta iliyosahaulika. Haikuwepo. Akamimina oili mpya kwa faneli, akawasha injini, akapitisha gia zote mguu ukiwa kwenye breki, akapima, akaongeza kidogo.

"Twende tukalijaribu," alimwambia mkewe.

Walizunguka mtaa. Gia ya kwanza ikaachia, ya pili ikapokea, ya tatu ikaingia laini hata usingejua imeingia.

"Limekubali," mkewe alisema.

"Limekubali."

Walipofika kona ya nyumbani Breki hakukata. Akapita, akazunguka tena, nyuma ya soko, mbele ya shule ambayo siku hiyo ilikuwa kimya. Akazunguka mara ya tatu, na safari hii jogoo wa watu alikatiza, na Breki akasimama, na jogoo akavuka kwa maringo yake yote, akarudi kuchukua alichosahau, akavuka tena. Mkewe akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, halisi, na Breki aliangalia mbele asije akakiharibu.

"Basi," mkewe alisema baadaye kidogo, kwa sauti ya chini. "Inatosha."

Shemeji alifika kabla jua halijapanda, mtu mnene mwenye maneno mengi. Alilizunguka gari akalipiga kofi. "Shemeji, kwa kazi hii hili litafika mpaka mwezini!" Kisha akashika kazi ya kubeba. Cherehani ilifungwa kamba nyuma ya kiti. Sweta la shule la mtoto, mama alilichukua. Viatu vyake aliviacha. Hawakujadiliana.

Mkewe alifungua kioo.

"Utakula?"

"Nitakula."

"Usiseme tu."

"Nitakula, Mama Kishindo."

Akasogea nyuma, gari likatoka. Breki alibaki kati ya barabara akilisikiliza likipanda mlima wa mwisho wa mtaa. Ya pili. Halafu ya tatu, bila kusitasita. Aliendelea kusikiliza hata pale ambapo hapakuwa tena na cha kusikia, mpaka jirani mmoja akamshika mkono akamwingiza ndani.

Jioni mkewe alipiga simu. Wamefika. Gari halikushtuka hata mara moja.

"Asubuhi uangalie chini kama linavuja," Breki alimwambia.

Asubuhi akapiga tena. "Pakavu kabisa."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Vizuri," alisema Breki, akavuta pumzi. "Vizuri sana."

Wazazi walipata dereva mwingine. Fundi aliporudi kutoka msibani alikuta uani hamna gari, hakuuliza. Alimwambia Breki kuna kazi gereji, aje kesho. Akaenda. Watoto wakimwona njiani bado wanamwita kwa jina lake lile, naye huwapungia mkono wenye oili. Mkewe alipiga simu kila wiki, kisha kila alipokumbuka, na mazungumzo yao yalikuwa ya oili, ya matairi, ya breki zinazolia. Neno la talaka halikutajwa na yeyote. Ila hakurudi.