Nilivyomfungia Agnes Ndani ya Televisheni

Kuku yule nilimpokea kwa mikono miwili.

Nilidhani ni zawadi. Nilishukuru mpaka nikapinda goti kidogo, mbele ya watu, ndani ya saluni ya kunyoa ya Bonaventura pale Ilongero.

Kumbe mama wa watu alikuwa ananihonga nimwachie mwanawe.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikiishia hapo hata mimi mwenyewe nikijisoma naonekana mtekaji.

Mwaka 2013 nilikuwa ndiyo nimemaliza chuo kikuu. Shahada ya sosholojia. Nikarudi Ilongero kwa baba mkubwa kusubiri ajira. Na ajira nayo nadhani ilikuwa mahali fulani inanisubiri mimi, tukawa tunasubiriana.

Nilikuwa na vitu viwili: simu yenye Facebook, na maoni.

Maoni ndiyo yalikuwa mengi. Mwaka ule kulikuwa na kipindi kinaitwa Jumba la Kumi. Vijana kumi wanafungiwa kwenye jumba moja Dar es Salaam, kamera kila kona, nchi nzima inawatazama wakipika, wakigombana na wakilia. Wananchi wanapiga kura kwa meseji. Kila Jumapili, mwenye kura chache anatolewa.

Mimi nilikuwa nakipinga kipindi hicho kwa dhati. Niliandika aya kumi na nne Facebook kueleza kwamba kinamfanya binadamu kuwa bidhaa. Watu watatu walilike. Mmoja alikuwa binamu yangu. Mwingine alikuwa anauza viatu.

Sasa utauliza, kama nilikuwa napinga, nilijuaje kila kitu kinachoendelea mle ndani?

Nilikuwa naangalia marudio kila siku saa tisa alasiri, saluni kwa Bonaventura. Kwa ajili ya utafiti.

"Msomi, utafiti wako unaanza," Boni alikuwa ananiita kutoka mlangoni. "Njoo uwahi benchi."

Halafu siku moja ya wiki ile ya kwanza, washiriki wakitambulishwa, mtangazaji akamtaja wa saba. "Agnes, kutoka Mtinko, mkoani Singida."

Boni alizima mashine ya kunyolea katikati ya kichwa cha mteja.

Mtinko. Hapo jirani. Sisi watu wa Singida tumezoea kutajwa kwenye televisheni kwa mambo mawili, kuku na alizeti. Leo tunatajwa kwa mtu. Mteja mwenyewe, nusu kipara nusu nywele, akasema, "Ongeza sauti, kichwa kitasubiri."

Upinzani wangu ulikufa siku ile ile. Sikuuaga hata.

Nikafungua ukurasa. Nikauita Sauti ya Agnes. Nikaanza kuchambua washiriki kama refa. Laurenti wa Sinza, yule anayevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, nikamwita mtupu. Yule dada aliyekuwa analia kila Alhamisi nikasema analia kwa ratiba. Agnes nikamwita kioo cha utu wetu. Kisa? Alikuwa anaosha vyombo.

Watu wakaanza kunifuata. Mia. Elfu. Mimi huyo nikaanza kuandika "wapendwa wasomaji wangu".

Wiki ya tatu ndiyo balaa lilipoingia.

Laurenti alimaliza kula akaacha sahani mezani. Agnes aliinuka. Alikwenda kona ya jikoni, akaitazama kamera, machozi yanamlenga, akaongea Kinyaturu, lugha ya kwetu Singida. Sekunde kama ishirini hivi.

Nchi nzima ikauliza: amesema nini?

Na nchi nzima ikageuka kunitazama mimi.

Hapa lazima nikiri jambo. Baba yangu alikuwa mwalimu wa kuhamishwahamishwa. Nimekulia Morogoro, Tabora na Kigoma. Kinyaturu changu ni cha kusalimia na cha kuitwa kula. Ukizidisha hapo unaniacha.

Halafu siku ile upepo wa Septemba ulikuwa unatikisa dishi la Boni kule juu ya bati, sauti inakatika. Kati ya yote aliyosema Agnes, nilishika maneno manne: mama, watu, kura, mlango.

Manne. Mtu mwenye akili angesema sijui.

Mimi nilikuwa na shahada.

Nikaandika: "Agnes amesema hivi: Mama, waambie watu wetu wanipigie kura. Wasiniache nje ya mlango. Nimewasamehe wote walioniumiza."

Hiyo ya kusamehe sikuisikia popote. Niliiongeza kwa sababu moyo wangu uliona inafaa.

Jamani, ile posti ilikimbia. Ilisambazwa mara elfu nne. Gazeti moja likaichapa. Watu wa Mbeya wakaandika kwamba wamelia. Singida tukapiga kura kama vile tunachagua mbunge. Kanisani, baada ya matangazo, mzee mmoja alisimama akakumbusha namba ya kutuma.

Kijana mmoja tu alinijibu: "Kaka, mbona mimi nimesikia tofauti?"

Nikamjibu kwa upole: "Ndugu yangu, hiyo ni lahaja ya Ikungi."

Akaomba radhi. Alikuwa sahihi yeye, na akaomba radhi yeye.

Wengine waliokijua Kinyaturu vizuri hawakuwa Facebook. Na sisi tuliokuwa Facebook, kila mmoja aliogopa kuonekana hajui lugha ya kwao. Basi tafsiri yangu ikawa ndiyo ukweli.

Ijumaa ya wiki ile Boni akanipigia simu. "Msomi, mama yake Agnes yuko hapa saluni. Kaja na bodaboda kutoka Mtinko. Anakutafuta wewe."

Nilibadilisha shati. Nikapaka mafuta. Njiani nilikuwa nafanya mazoezi ya kukataa shukrani kwa unyenyekevu.

Nikamkuta mama wa makamo, mwembamba, kitenge kimefungwa vizuri, kuku wa kienyeji kwapani. Jina lake Theresia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ndiye wewe unayeandika?"

"Ndiye mimi, mama."

"Chukua kuku."

Ndiyo hapo nikapinda goti. "Mama, usingejisumbua. Mimi nafanya kwa mapenzi tu."

"Najua, baba. Sasa umeshapokea. Mtoe mwanangu."

Nikacheka. Hakucheka.

"Nimtoe wapi, mama?"

"Humo mlimomfungia."

Boni akapunguza sauti ya televisheni.

Mama Theresia akaeleza polepole, kama anaeleza mgonjwa. Agnes alikuwa amechaguliwa chuo cha uuguzi hapo mjini Singida. Mwisho wa kuripoti ni Jumatatu hii. Asiporipoti, nafasi anapewa mwingine. Aliingia kwenye lile jumba akijua atatolewa mapema. "Aliniambia, mama, mtu wa Mtinko nani atampigia kura? Wiki mbili niko nyumbani, nimeliona jiji, nakwenda zangu chuo." Kutoka mwenyewe hawezi, mkataba unambana. Njia ni moja tu, kukosa kura.

"Sasa pale jikoni alisema nini?" nikauliza. Sauti yangu ilikuwa imeshaanza kushuka.

"Alisema, mama, waambie watu wasinipigie kura. Mlango unafungwa, nitabaki nje."

Wasinipigie.

Kuna neno dogo la kukataa katika lile alilosema, neno lenyewe fupi, ukipepesa limepita. Mimi lilinipita, nikahamasisha mikoa mitatu.

"Na kusamehe?" Boni akauliza. Nilitamani asiulize.

"Kusamehe nani?" mama akashangaa. "Yule wa miwani? Agnes hajamsamehe yule."

Jumapili ilikuwa kesho kutwa.

Nikaketi hapo hapo nikaandika ukweli wote. Kwamba nilikosea. Kwamba Agnes anaomba atoke, ana chuo. Nikamaliza kwa kuwasihi: msimpigie kura.

Majibu yakaja kabla sijafunga simu.

"Umenunuliwa na Laurenti."

"Agnes anasalitiwa na mtu wa kwao. Tuongeze kura."

"Juzi ulijua Kinyaturu, leo hujui. Tunakujua wewe."

Binamu yangu, yule wa like, aliandika: "Aibu."

Kufikia jioni nilikuwa nimemwongezea Agnes kura kuliko wiki zote zilizopita. Ukweli wangu ulikuwa unamfunga kuliko uongo wangu. Nilimtazama mama Theresia, kuku bado niko naye kwapani.

Yeye hakunigombeza. Alisema tu, "Mtoto huyu amesoma kwa taa ya chemli. Mimi nilikuwa nakaa naye asisinzie."

Hiyo iliniuma kuliko kugombezwa.

Boni ndiye aliyeona njia. Alikuwa anafagia nywele, akasimama.

"Msomi, shida yako unaandika. Ukiandika unaonekana unajua. Watu wanatakiwa wakuone hujui."

"Kivipi?"

"Mama akufanyie mtihani wa Kinyaturu. Mimi nachukua video."

Nilielewa mara moja. Mimi ambaye nilikuwa nawachambua watu kwenye kamera, wanavyokula, wanavyolia, sasa kamera inanigeukia. Na sina hata miwani ya jua.

"Anza," nikasema.

Asubuhi ya Jumamosi, siku ya mnada, nje ya saluni, watu wamejaa. Mama Theresia akasimama mbele yangu na kuku yule yule chini, kafungwa mguu.

Akaniambia kitu kwa Kinyaturu.

Nikaketi.

Watu wakaangua kicheko. Kumbe aliniambia nimshike kuku, kamba inafunguka.

Akaniuliza kitu. Nikajibu kwa Kiswahili, "Nimeshakula, mama, asante." Alikuwa ameniuliza jina la ukoo wetu.

La tatu alilisema taratibu, akinitazama machoni, sentensi ndefu yenye huzuni. Nikaona hii nimeielewa. Nikaitikia kwa kichwa, mara mbili, kwa hisia.

Bibi mmoja muuza vitunguu alikaa chini kwa kucheka. Boni naye alikuwa anacheka, video inacheza.

Mama alikuwa amesema: "Kama wewe ndiye uliyewadanganya watu kuhusu mwanangu, na hujui unachosema, itikia kwa kichwa."

Halafu akageukia kamera mwenyewe. Akarudia maneno ya Agnes kwa Kinyaturu, neno kwa neno, kisha kwa Kiswahili. Akasema, "Mmempenda mwanangu, asanteni. Sasa mwacheni aende chuo."

Video ile iliipita posti yangu kwa mbali. Nchi nzima ilinicheka. Watu wa Mbeya waliolia, sasa walilia tena, ila kwa sababu nyingine. Yule kijana niliyemwambia habari ya lahaja ya Ikungi aliandika neno moja tu: "Lahaja?"

Jumapili Agnes alipata kura chache kuliko wote.

Mtangazaji alimtaja kwa sauti ya msiba. Agnes aliruka. Akamkumbatia mtangazaji, akawakumbatia wenzake, akampita Laurenti. Jumatatu mchana alikuwa dirishani pale chuoni, begi la Jumba la Kumi mgongoni, anaandikishwa.

Wiki chache baadaye alikuja Ilongero na mama yake. Nilikuwa nimejiandaa kuomba msamaha, aya kama sita hivi, kichwani.

"Wewe ndiye Nathan?"

"Ndiye mimi. Agnes, naomba..."

"Kaka, ulinipenda. Nimeona. Ila siku nyingine ukitaka kunisemea, niulize kwanza."

Aya zote sita zikawa hazina kazi.

Ningependa simulizi iishie hapo. Mtu mzima angekuwa amejifunza.

Mwaka uliofuata nikapigiwa simu kutoka Dar es Salaam. Dada mwenye sauti nzuri. Walikuwa wameiona video. Wanatafuta washiriki wa msimu wa pili.

Unakumbuka aya zangu kumi na nne za binadamu kuwa bidhaa?

Nilisema ndiyo kabla dada hajamaliza sentensi.

Nikajiambia nakwenda kwa sababu njema, kubadilisha mfumo kutoka ndani. Na kwa mwaka mzima nilikuwa nimejifunza Kinyaturu kwa mama Theresia, kila nikipata nafasi. Hasa lile neno dogo la kukataa. Hilo nililikariri mpaka likawa linanijia usingizini.

Wiki ya kwanza nikawa hatarini kutolewa. Nikaenda kona ile ile ya jikoni. Nikaitazama kamera, machozi yakanilenga, nikawaambia watu wa nyumbani, kwa Kinyaturu safi, bila kusita, wanipigie kura.

Nilitolewa Jumapili hiyo. Wa kwanza kabisa. Singida sikupata kura hata ya baba mkubwa.

Nilishuka stendi kichwa chini. Mama Theresia na Boni walikuwa wananisubiri.

"Mama, hamkunisikia?"

"Tulikusikia, baba. Ulisema wazi kabisa."

"Nilisema nini?"

Boni akageuka akatazama mabasi.

"Ulisema, watu wangu nawasihi, msinipigie kura," mama akasema. "Tukakuheshimu."

Lile neno dogo. Nililikariri mno, likajiingiza lenyewe.

"Lakini mama, mlijua nilichotaka kusema."

"Tulijua," akasema. "Ila mwaka jana wewe ulijua alichotaka kusema Agnes."

Siku hizi bado naangalia vile vipindi. Bado nina maoni. Ila ninapotaka kuandika kwamba fulani analia kwa sababu hii au ile, nakumbuka maneno manne niliyoyashika kati ya sekunde ishirini, na jinsi nilivyojaza yaliyobaki kwa moyo wangu mzuri. Moyo mzuri haujui Kinyaturu. Mtu ukitaka kumsaidia, muulize anataka nini, halafu msubiri amalize kusema.

Pale stendi mama Theresia alifungua kitenge akatoa kuku.

"Chukua."

Nilinyoosha mikono yote miwili. Halafu nikairudisha.

"Mama," nikasema, "huyu ni wa nini?"

Akacheka kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Sasa ndiyo umejua Kinyaturu," akasema.