Nilimwita binti yangu kwenye kijito cha Alunguli, hakuitika

Salamu kwenu wakuu. Haya yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi. Nitaeleza polepole ili hata asiyewahi kufika Kindu anielewe.

Kwetu, mto Lualaba unaukata mji vipande viwili. Ukitoka upande wa katikati unapanda mtumbwi, unashuka Alunguli. Nyuma ya Alunguli kuna vijito vya maji baridi, mchanga mweupe chini, miti imeinama juu. Jumapili watu wanakwenda kuoga, kula na kupiga stori.

Wakati wa vita, vijito hivyohivyo vilikuwa maficho yetu. Nilikuwa mtoto. Tukisikia watu wenye silaha, mama alituingiza chini ya mizizi ya ukingoni, maji hadi kidevuni.

Sheria yake ilikuwa moja: ukiitwa, usiitike. Hata nikikuita mimi mama yako, usiitike, maana huenda wamenishika na wananilazimisha niite.

Tulipona kwa sheria hiyo. Ndiyo maana nilimsimulia binti yangu Riziki, ana miaka minane, tena kwa fahari. Aliipenda sana. Kila mara aliniomba nirudie.

Sasa, Jumapili moja mwaka huu tulikwenda kijitoni watatu. Mke wangu anapasha sombe, yaani kisamvu, Riziki anachezea maji karibu nasi.

Ghafla zikaingia pikipiki tatu. Wachimbaji wa madini kutoka Kalima, matope hadi kwenye nyusi, wanataka kuoga kabla ya kuingia mjini. Honi, kelele, vicheko.

"Mama, hiyo sombe inanukia! Leo sisi njo wageni wenu," mmoja akasema; "njo" kwetu ni "ndio".

"Ogeni kwanza," mke wangu akamjibu. "Wageni gani wananuka shimo?"

Tukacheka wote. Nilipogeuka, Riziki hayupo.

Nikaita. Kimya.

Nikaita tena. Ndala zake ziko pale mchangani, mwenyewe haonekani. Wakuu, acheni tu. Kichwani nilishamwona amebebwa hadi Lualaba.

Wale vijana, Mungu awabariki, waliruka majini na nguo zao. "Papa, usiogope, hapa maji inafika kiunoni tu," mmoja aliniambia. Wakapiga mbizi, wakaita jina lake kwa sauti kubwa. Nami nikazidi kuita.

Mke wangu akanishika mkono. "Papa Riziki, nyamaza. Wewe njo ulimufundisha."

Riziki alidhani wale wa pikipiki ni watu wenye silaha. Kumbe kila tulipomwita, tulizidi kumficha.

Nikawaomba vijana watoke, wasukume pikipiki mbali bila kuziwasha. Kisha nikaingia majini peke yangu, kimya, nikawa napapasa chini ya ukingo, mzizi kwa mzizi. Sijui zilipita dakika ngapi. Vidole vyangu viligusa mizizi, majani, tope, halafu bega dogo la baridi.

Alikuwa amekaza meno, ameshika mzizi kwa mikono miwili. Hakulia. Alichungulia nyuma ya mgongo wangu, akaninong'oneza:

"Papa, walikulazimisha uniite?"

Nilimbeba, nikamtoa majini.

Wakuu, nilichojifunza ni hiki. Vita tusiwafiche watoto, tuwasimulie. Lakini ukimpa mtoto sheria ya wakati ule, mwambie pia inakoma lini. Mimi sikumwambia Riziki, kwa sababu hata mimi hakuna aliyewahi kuniambia.

Wiki iliyofuata tulirudi palepale, maana sikutaka aanze kuogopa maji. Nikamwita. Akanitazama kwanza, akaangalia nyuma yangu, halafu akaitika.

Wenzangu mliokulia penye vita, ninyi mnawaelezaje wanenu? Andikeni hapa chini, hata kama ni mstari mmoja. Nasoma yote.