Tanuri la Shamsia

Usimwambie Shamsia kwamba samaki wa moshi ni samaki tu. Niliwahi kusema hivyo, akaninunia wiki nzima, na hapa Hamugembe tumetenganishwa na migomba tu. Babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara, lakini yeye kazaliwa Bukoba, na Kihaya chake kinanishinda hata mimi nikikasirika. Watu walikuwa wakitoka Miembeni kufuata sangara wake, na hawakuuliza kama ni wa jana au wa leo.

Alibanika kwenye pipa lililokatwa nusu. Chini kuni za mti mkongwe wa kahawa, juu wavu, na majani makavu ya migomba ya kufunikia. Samaki haivi kwa saa, alikuwa akisema, huiva kwa rangi, na rangi haimsubiri mtu. Basi alikuwa anafunua, anatazama, anafunika, anafunua tena, machozi yanamtiririka utadhani kafiwa.

Jicho la kulia lilipoingia ukungu alisema ni uzee. Lilipofunga kabisa ndipo mwanawe Najibu akampeleka hospitali ya Rubya, nami nikawasindikiza. Daktari hakumung'unya maneno. Hilo limekwenda, alisema, na la kushoto litalifuata usipokaa mbali na moshi.

Najibu alitaka aache kazi kabisa. "Niache, halafu nikae kutazama ndizi zikikua?" Shamsia akauliza. Basi ikaamuliwa kitafutwe chombo kitakachoupeleka moshi mbali na uso wake.

Tukaenda wote watatu kwa Mutalemwa, fundi wa kuchomelea. Alikuwa na sanduku la bati lenye trei ndani, jepesi, ila kwa mvua zetu hizi lingeoza upesi. Alikuwa na pipa lenye mfuniko wa bawaba, ambalo halikuwa na tofauti kubwa na lile la nyumbani. Na alikuwa tayari kuja kujenga tanuri la tofali, lenye mlango wa chuma na bomba refu la kupitisha moshi juu ya paa. Tukachagua tanuri, na mpaka hapo nilikuwa na furaha.

"Waitu mama," Mutalemwa akamwambia, "mlangoni nitakuwekea kioo kinachovumilia moto. Utamwona samaki bila kufungua."

Shamsia akacheka. "Kioo kitashika masizi siku ya kwanza. Kitanidanganya rangi."

"Utakuwa unakifuta, mama."

"Mwenye macho haambiwi tazama, baba. Niwekee chuma kitupu."

Nikamwambia palepale kwamba mwenye jicho moja anaambiwa, tena kwa sauti. Akanisonya. Najibu akainama kutazama viatu vyake, maana anamwogopa mama yake, na mimi ule ukimya sijamsamehe hadi leo.

Tanuri likajengwa, zuri kweli. Moshi ukawa unapaa juu ya paa, majirani wakaja kushangaa. Lakini Shamsia hakuweza kumwacha samaki ndani bila kumtazama. Alifungua mlango, akafunga, akafungua. Zamani moshi ulikuwa unatawanyika uani. Sasa ulikuwa umefungiwa mle ndani na kupata joto, na kila akifungua unamrukia usoni wote kwa pamoja. Tulikuwa tumemnunulia kitu kibaya kuliko pipa.

"Mama Najibu," nikamwambia, "niite mimi nikutazamie."

"Mtu akinunua sangara wangu, Mama Lilian, ananunua macho yangu. Leo nimuuzie yako?"

Nikaondoka kwa hasira, nikijisemea kwamba sikio la kufa halisikii dawa. Jioni nilimpelekea chakula, hasira nikiwa nayo bado. Nampenda yule mwanamke, na hicho ndicho kinachoniudhi.

Wateja hawakugomba. Rahima wa Miembeni, mteja wake wa miaka yote, alinunua samaki walioungua upande mmoja, akashukuru, na hakurudi tena. Wengine wakaanza kupita njia ya nyuma ili wasisalimiane naye. Shamsia akasema siku hizi ziwa limeharibika, sangara hawana nyama.

Jumamosi iliyopita nilipita kwenye migomba kumpelekea ndizi. Nikamkuta amesimama mbele ya tanuri, mlango wazi, uso ameuingiza karibu na trei, kitambaa cha kushikia mkononi. Ilikuwa saa sita, jua limeujaza ua wote.

"Nani? Mama Lilian? Umekuja wakati mzuri," akasema. "Ngoja huu moshi upite kwanza, nikuchagulie kipande."

Nikachungulia. Kuni zilikuwa zimebaki makaa, na bomba lilikuwa limeshavuta moshi wote, kama alivyoahidi Mutalemwa. Samaki walionekana wazi juu ya trei, weusi, wamekauka hadi wamepasuka.

"Leo moshi umezidi," akasema, akifuta jicho la kushoto kwa mgongo wa mkono.

Nikatua ndizi chini.

"Umezidi," nikamwambia, nikasimama naye tukisubiri upite.