Mstari wa saveri

Ndugu zangu, asubuhi ya leo panga limenikosa uso kwa shubiri moja, na chanzo ni kiungo cha maharage.

Kiungo hicho huitwa saveri, majani madogo yenye harufu kali. Nilipewa mbegu na sista mmoja wa Nyegina, nikazipanda hapa Mukendo, pale kiwanja changu kinapokutana na cha jirani.

Nilizipanda kwa mstari. Hapo ndipo nilipokosea, maana kwetu anayepanda mstari mpakani anadai ardhi.

Jirani, Baba Nyamisi, aliingia akifyeka.

"Mwalimu, ninawajuaga! Leo majani, kesho ukuta!"

Nilimshika mkono. Akanisukuma, nikaangukia mawe. Akainua panga tena, likamponyoka, likanipita usoni, likampasua mguu wake mwenyewe.

Nilichana kanga yangu nikamfunga jeraha, nikamketisha jikoni tukisubiri bajaji impeleke hospitali. Maharage yalikuwa yakichemka. Nikaokota saveri iliyofyekwa, nikaiosha, nikaitia.

Akanusa.

"Umetia nini humo, mwalimu?"

"Mpaka, baba. Umeukata mwenyewe."

Kisha, kwa sauti ndogo, akaomba bakuli.

Mngekuwa ninyi, mngempakulia?